Sista Irene, muuguzi wa wapagazi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ni nani aliyewahi kuwahudumia watu wa eneo lako, ambaye vijana wa leo hawamjui na wangepaswa kumjua? Jibu langu ni mtawa Mkatoliki kutoka Italia, Sista Irene Stefani wa Shirika la Konsolata, aliyewauguza wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hapa kwetu Lindi, na pia Kilwa na Dar es Salaam. Nyeri, kule Kenya, wanamjua kama wanavyomjua bibi yao mzaa mama. Huku kusini, ukiwatoa masista na mapadri wachache, bado sijakutana na mtu anayelijua jina lake.

Nitangulize kusema kwamba mimi ni Mwislamu, muuguzi mstaafu. Uuguzi niliusomea kwenye hospitali ya misheni, na aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza alikuwa sista. Watu wa Lindi na Mtwara hawatashangaa kusikia hivyo, maana wengi wetu tumezaliwa au tumetibiwa mikononi mwa masista, na dini zetu zikabaki palepale. Kwa hiyo naandika habari za mtawa huyu kama muuguzi anayemtazama muuguzi mwenzake.

Kwanza vita vyenyewe, maana bila kuvielewa huwezi kuelewa alichofanya.

Shuleni tulifundishwa majina ya wakubwa, von Lettow-Vorbeck upande wa Wajerumani na Smuts upande wa Waingereza. Wazee wetu waliotusimulia hawakuwa na habari na majina hayo. Bibi yangu alikuwa binti mdogo wakati ule, na alichokikumbuka ni njaa na mizigo. Wanaume wa kijijini walikuwa wakilala porini ili wasichukuliwe kwenda kubeba. Kumbuka kwamba watu hawa walikuwa bado hawajapata nafuu ya Maji Maji na njaa iliyofuata, na haikupita hata miaka kumi wakaletewa vita vingine ambavyo havikuwahusu.

Kubeba kulikuwa lazima kwa sababu barabara hazikuwepo, na mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe wa kukokota. Basi kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha ofisa, vilikwenda kichwani mwa mtu. Pande zote mbili zilikamata watu. Waingereza waliunda Kikosi cha Wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kile kilichotuachia jina la Kariakoo, na mwaka 1917 wakafanya msako mkubwa kuliko yote kule Kenya. Mtu wa milimani, aliyekulia kwenye baridi, alichukuliwa akashushwa pwani yenye malaria ambayo mwili wake haukuizoea. Alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika nusunusu kwa kukosa kuni na muda, na tumbo likachubuka. Hesabu rasmi za kikosi hicho zinataja vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliondoka kwa kuhara damu, malaria na nimonia.

Lindi na Kilwa zilikuwa milango ya vita hivyo. Jeshi la Waingereza liliteremshwa hapo, na hapohapo ndipo walirudishwa waliochoka, waliougua na waliojeruhiwa. Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, mahali tunapopita kila siku na basi la Masasi. Mapigano yalichukua siku nne, na upande wa Waingereza peke yake ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa na kujeruhiwa. Hao ni askari. Wapagazi waliokuwa nyuma yao wakibeba maji na risasi hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo.

Huyu sista alifikaje huku?

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya Ziwa Idro, mkoa wa Brescia kaskazini mwa Italia. Kwao walizaliwa watoto 12, naye akapewa jina la Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na Masista wa Konsolata mjini Torino, shirika ambalo Padri Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha mwaka mmoja tu nyuma. Aliweka nadhiri Januari 1914 akiitwa Irene, na mwisho wa mwaka huo, vita vikiwa vimeshaanza, akapanda meli kuja Kenya. Alikuwa na miaka 23. Kazi aliyoijia ni ya misheni za Ugikuyuni, kufundisha na kutembelea watu majumbani. Lakini mwaka 1916 wamisionari wa Konsolata waliombwa kusaidia katika hospitali za wapagazi, naye akapelekwa Voi. Kutoka Voi akaja Kilwa, kisha Lindi, kisha Dar es Salaam, na hakurudi Nyeri mpaka vita vilipokwisha.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu vitabu na mahubiri hupapita haraka.

Wasifu wake unamtaja kama muuguzi wa Msalaba Mwekundu aliyewahudumia wapagazi "kwa upendo". Sina ugomvi na neno upendo, ila msomaji asiyewahi kuuguza hawezi kuona kilichomo ndani yake. Mgonjwa wa kuhara damu asiyeweza kuinuka anahitaji mtu wa kumgeuza ubavu, kumwosha kwa maji ya uvuguvugu, kumkausha vizuri kwenye mikunjo, kumwondolea kitambaa kichafu na kumwekea kikavu, kumpaka mafuta kwenye nyonga na mgongoni asitoke vidonda, kisha kumnywesha kijiko kimoja kimoja, maana ukimpa kikombe kizima atatapika. Ukifika mgonjwa wa tano, yule wa kwanza ameshachafuka tena. Unarudi. Harufu inakuganda kwenye nguo na nywele, na usiku unaisikia hata ukiwa kwako.

Niliwahi kuhudumia kambi ya kipindupindu. Tulikuwa na dripu, maji ya chumvi na sukari, glavu, buti na klorini ya kunyunyiza, na bado vijana wengine walikuwa wakisimama mlangoni mwa hema wakipeana moyo kabla ya kuingia. Nilimkuta mvuvi mmoja mtu mzima ameugeuzia uso ukuta wa turubai. Nilipomgusa bega akasema, "Mwanangu, niache tu, nimechafuka." Nikamwambia, "Baba, hiyo ndiyo kazi iliyonileta." Alilia wakati namwosha, na wala hakulia kwa maumivu. Mwanamume wa heshima zake, mwenye watoto na wajukuu, anaoshwa na mwanamke asiyemjua. Ukiwa muuguzi unajifunza kuangalia kazi yako na kuongea naye habari za bahari, za upepo, za nyavu, mpaka aibu impungue.

Sasa ondoa dripu, ondoa glavu, ondoa antibiotiki ambazo zilikuwa hazijagunduliwa. Weka mabanda yaliyojaa wanaume waliolala chini wakiwa wamebanana, wa makabila mengi, wengi wao hawana ndugu karibu na hawajui kama watarudi kwao. Kwa wagonjwa wale, dawa kubwa iliyokuwepo ilikuwa mtu wa kukaa nao. Sista Irene alikaa nao kwa muda wa vita vyote vilivyobaki. Mimi nikiwa na umri wake wa wakati ule nilikuwa naruhusiwa kwenda nyumbani zamu ikiisha.

Kuna kisa kimoja kutoka miaka hiyo ya pwani ambacho waandishi wa maisha yake hukisimulia mara nyingi. Jioni moja alifika wodini akamkosa mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Akaambiwa amekufa, ameshatolewa pamoja na maiti wengine kupelekwa ufukweni. Hakuridhika na jibu hilo. Akatoka kwenda mahali maiti walipokuwa wamerundikwa, akatafuta kati yao, akamkuta yule mtu bado anahema. Akamrudisha, akamhudumia mpaka alipokata roho kweli.

Nimekifikiria sana kisa hiki kwa jicho la kazi. Mtu aliyekauka maji kwa kuhara anakuwa baridi, macho yameingia ndani, mapigo ya moyo huyasikii mkononi. Mtu mwenye haraka, mwenye wagonjwa wengi wa kuwatazama, ataona amekufa. Ili ujue kwamba hajafa ni lazima uwe unamjua huyo mtu mwenyewe, umemwacha vipi asubuhi, alikuwa anahema vipi. Kwa jeshi yule alikuwa mzigo uliokwisha kazi. Kwa Sista Irene alikuwa mgonjwa wake. Na hakumwokoa, mgonjwa alikufa. Kwa wengine hapo kisa kinapoteza maana. Kwangu ndipo kinapopata uzito wote, kwa kuwa sehemu kubwa ya uuguzi ni kuwahudumia watu ambao hutawaponya, na mtu anastahili kufa akiwa ameoshwa, amefunikwa na ameshikwa mkono.

Nizungumze na lile ambalo baadhi ya wasomaji wenzangu Waislamu watauliza. Ni kweli kwamba aliwabatiza wengi waliokuwa wakikaribia kufa. Habari zake zote zinasema hivyo na Kanisa linajivunia. Mimi jambo hilo linanitatiza, na nalisema wazi kwa heshima yote. Mgonjwa aliyedhoofika, aliye mbali na watu wake, hana nguvu ya kupima maneno anayoambiwa, na tulipofundishwa kazi hii tulifundishwa kwamba imani ya mgonjwa ni ya kwake. Lakini najua pia kwamba kwa imani yake yeye alikuwa akimpa mtu kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kumwosha hakukuwa bei ya ubatizo. Alimwosha kila aliyelala mbele yake. Jambo hilo na tuliseme, tulijadili, halafu tusilifanye sababu ya kumtupa mwanamke aliyekaa na wagonjwa waliokuwa wamekatiwa tamaa.

Maisha yake baada ya vita yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi. Kuanzia mwaka 1920 alikuwa misheni ya Gikondi, Nyeri. Alifundisha shule, alipanda na kushuka vilima kutembelea wagonjwa na wazazi, na aliwaandikia barua akina mama wasiojua kusoma ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mijini. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Mwaka 1930 tauni ilizuka huko. Akaugua mwalimu mmoja wa shule, mtu ambaye alikuwa na kinyongo naye na aliyekuwa amempinga. Sista Irene alikwenda kumhudumia mpaka akafia mikononi mwake, na yeye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39.

Mimi nilimsikia kwa mara ya kwanza mwaka 2015, redioni. Walikuwa wakieleza kwamba tarehe 23 Mei mtawa mmoja atatangazwa Mwenyeheri, yaani hatua ya mwisho kabla ya Kanisa kumtangaza mtu kuwa mtakatifu, mjini Nyeri, na kwamba itakuwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Mtangazaji akataja hospitali alizofanyia kazi: Voi, Kilwa, Lindi, Dar es Salaam. Nilikuwa napepeta mchele. Nikaacha, nikasogea kwenye redio, kwa kuwa nilifanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote katika mkoa huu na hakuna aliyewahi kunitajia jina hilo, hata masista walionifundisha, ambao walikuwa wa shirika lingine. Aliyeongoza ibada ile kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, Askofu Mkuu wa Dar es Salaam wa wakati huo. Sijui kama wengi waliokuwa uwanjani walikumbuka kwamba kardinali yule ametoka katika jiji ambalo marehemu aliwahi kuuguza. Mimi nililiwaza hilo.

Muujiza uliokubaliwa na Kanisa nao ulitokea jirani zetu, ng'ambo ya Ruvuma, huko Nipepe katika mkoa wa Niassa, Msumbiji. Januari 1989, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watu zaidi ya 200 walijifungia kanisani huku mapigano yakiendelea nje. Waliomba kwa jina la Sista Irene. Maji machache yaliyokuwa kwenye chombo cha ubatizo, gogo lililochongwa, yaliwatosha kunywa siku zote walizokuwa wamezingirwa. Mtoto alizaliwa humo ndani na akaoshwa kwa maji hayohayo. Kuhusu muujiza wenyewe, Wakatoliki wana la kusema kuliko mimi. Ninachokiona ni kwamba hata huko jina lake limekuja na maji, watu waliokwama vitani na mtoto wa kuoshwa.

Nina lalamiko moja tu kuhusu namna anavyokumbukwa. Watu husimulia kifo chake kwa tauni na muujiza wa Nipepe, halafu ile miaka ya wapagazi inatajwa kwa sentensi moja. Naelewa kwa nini. Wapagazi wenyewe walisahauliwa, na anayewahudumia watu waliosahauliwa husahauliwa pamoja nao. Nendeni mkaitazame sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini juu pale amesimama askari peke yake na bunduki yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, hasa wa Afrika Mashariki na Misri. Miongoni mwao wamo waliofia Kilwa na Lindi. Wamo walioshikwa mkono na Sista Irene.

Halafu tunawafundisha wanafunzi wa uuguzi habari za Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza wa vita vya Crimea, na taa yake kwenye hospitali ya Scutari. Anastahili, nami mtihani wake niliufanya na kuufaulu. Lakini binti anayesoma uuguzi Lindi leo anajifunza habari za vita vya Crimea na hajui kwamba kilomita chache kutoka bwenini kwake kulikuwa na hospitali za vita, zenye wagonjwa wa kuhara damu wengi kuliko vitanda, na muuguzi wa miaka ishirini na kitu aliyefanya kazi ileile bila kikosi cha magazeti cha kumtangaza. Ningekuwa bado nafundisha, ningemweka Sista Irene kwenye somo la wiki ya kwanza, kabla hawajashika sindano.

Wapo watakaosema ningemchagua Sista Leonella Sgorbati, wa shirika hilohilo, na sitawabishia sana. Naye alikuwa muuguzi, akafundisha wauguzi Nkubu, Meru, kisha akaenda Mogadishu kuanzisha shule ya uuguzi wakati ambapo Somalia haikuwa na serikali ya kueleweka. Wanafunzi wake wa kwanza walihitimu mwaka 2006, na Septemba ya mwaka huohuo akapigwa risasi nje ya hospitali, pamoja na mlinzi wake, Mwislamu na baba wa watoto wanne, aliyejaribu kumkinga. Wale wawili wanahitaji barua yao, na anayewafahamu kuliko mimi aiandike. Mimi nimeulizwa kuhusu eneo langu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Lindi mjini na njia yote ya Mingoyo hadi Nyangao. Kama babu au bibi yako aliwahi kukuonyesha mahali yalipokuwa mabanda ya wagonjwa wa vita vile, au mahali walipozikwa wapagazi, mwandikie mhariri, taja kijiji na aliyekusimulia. Hata kama ni mkorosho tu ulioota juu yake. Waliosikia habari hizo kutoka kwa watu walioziona kwa macho yao ni wazee sana sasa, na wengine tunawazika kila mwezi. Mimi nimeshaanza na mtaani kwangu, na majina ya wazee watatu wa kuwauliza ninayo tayari.

Muuguzi mstaafu, Lindi